Bomba Lililopanda

Mjomba alikuwa na msemo mmoja ambao gereji nzima iliukariri kama watoto wanavyokariri jedwali la kuzidisha: maji hayapandi mlima. Ukilaza bomba la maji, lilaze likiteremka. Ukifunga mpira wa rejeta, tazama unateremkia wapi. Hata bomba la sinki la kunawia mikono, kule nyuma karibu na choo, alililaza mwenyewe, nalo liliteremka mno hadi ukichelewa kidogo maji yalikuwa yamekwisha kukimbia na sabuni imebaki mikononi. Msemo wenyewe ni wa kweli, hakuna wa kuubishia. Ubaya wa misemo ya kweli ni kwamba watu huitumia hata pale isipohusika.

Mpwa wake, binti wa dada yake wa pekee, walimwita Kipimo. Jina alipewa na fundi wa kuchomea wa banda la jirani, mtu mwenye mdomo usiojua kufuli, kwa sababu binti huyo hakuwahi kukata chuma bila kukipima mara mbili, kisha akamwomba mwingine apime ya tatu. "Huyu siku akiletewa mchumba," alisema yule fundi wa kuchomea, "atamlaza chini kwanza ampime kwa rula." Kipimo alicheka pamoja na wenzake. Siku hizo alikuwa anacheka sana.

Alikuwa na miaka kumi na tisa Mjomba alipomchukua gerejini. Ukoo mzima ulipiga kelele, msichana na spana wapi na wapi. Mjomba akawajibu kwamba spana haina macho, haijui imeshikwa na nani. Alimfundisha kufungua injini, kuisafisha na kuifunga, na siku ya kwanza Kipimo alipowasha gari alilolifunga peke yake, Mjomba alizunguka banda kwa banda akiwaita watu waje wasikie mlio. Mtu akikufanyia hivyo ukiwa na miaka kumi na tisa, unampa moyo wako wote na funguo zake. Kipimo alimpa.

Sasa miaka kumi na mmoja imepita, na hii ilikuwa wiki yake ya mwisho. Jumamosi angeaga. Binamu yake alikuwa na duka la vitambaa na alihitaji mtu wa kupima na kukata, akasema kwa utani kwamba hapo angalau akikosea kipimo hakufi mtu. Kipimo hakucheka. Alikubali kazi siku ileile, kwa kuwa yeye mwenyewe alikwisha kuamini kwamba mikono yake haiaminiki.

Chanzo kilikuwa gari la Bi Mkunga.

Bi Mkunga alikuwa na zahanati juu mlimani na gari refu la dizeli, zee lakini lenye nguvu, lililompandisha na kumteremsha kila siku. Turbo yake ilipokufa kwa uzee, ya aina ileile haikupatikana tena. Iliyopatikana ilikuwa ya kisasa zaidi. Ile ya zamani ilipozwa na oili peke yake. Hii mpya ilitaka oili na maji pia, na ubavuni ilikuwa na matundu mawili ya maji ambayo gari lile halikuwa na mabomba yake. Ilibidi mabomba yatengenezwe. "Hiyo ni kazi ya Kipimo," Mjomba alisema mbele ya watu wote, na Kipimo akajiona mrefu.

Turbo, kwa asiyeijua, ni feni mbili kwenye shafti moja. Moja huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nyingine husukuma hewa ndani ya injini ipate nguvu. Hupata moto hadi chuma kikawa chekundu. Gari likiwa linatembea, pampu husukuma maji na hakuna neno. Matata huja ukishazima. Pampu imesimama, lakini turbo bado ni kaa la moto. Hapo maji yaliyomo ndani yake huchemka na kupanda yenyewe, na yakipanda huacha nafasi, ya baridi yakaingia kutoka chini kuijaza, bila pampu wala mtu. Kwa hiyo bomba la kutolea maji sharti lipande tu, mwanzo hadi mwisho, mpaka kwenye tangi dogo la maji lililo juu ya injini. Likipanda kisha likateremka, mvuke hunaswa pale kwenye nundu, maji husimama, oili huungua ikawa masizi magumu, na shafti hukwama. Yote haya yalikuwa kwenye karatasi iliyokuja ndani ya boksi la turbo, na Kipimo aliisoma neno kwa neno kama barua ya posa.

Alitengeneza mabomba kwa siku mbili. Yeye alikuwa na namna yake ya kukunja: alijaza bomba mchanga mkavu, akaziba ncha zote mbili kwa vipande vya mti, akalizungushia rimu ya gari polepole kwa nguvu za mikono. Mchanga ulizuia bomba lisibonyee, likatoka limepinda huku bado ni la mviringo kila mahali. Mjomba alikunja kwa moto. Alichoma bomba mpaka likaiva, akalipinda mara moja, na kila kona ikabaki na doa la buluu na ubapa kidogo kama kidole kilichobanwa na mlango. Kila fundi na mwandiko wake; katika banda lile hata mpiga rangi angekwambia kona ipi ni ya nani.

Jumamosi mchana alimaliza. Bomba la kuingizia maji lilitoka chini kwenye injini. La kutolea lilipanda kutoka kwenye turbo, likafuata ukuta wa nyuma, likakata kushoto na kupanda tena mpaka kwenye tangi. Aliwasha gari, akalizima, akashika bomba na kusikia joto likipanda ndani yake. Mjomba akamwambia nenda nyumbani mama, umechoka, gari nitalipeleka mimi. Akaenda.

Jumanne gari lilikufa mlimani. Bi Mkunga alikuwa anamwahi mama mwenye uchungu. Akashika mkoba wake akatembea kwa miguu, na alipofika mtoto alikwisha kuzaliwa mikononi mwa jirani, na mama alikuwa amevuja damu nyingi. Alipona, lakini kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kama atapona. Bi Mkunga aliteremka na viatu vimejaa matope, akasimama katikati ya gereji, akamnyooshea Kipimo kidole. "Mikono yako hiyo ilitaka kuua mtu!" Fundi wa kuchomea alizima moto wake ili asikie vizuri. Mwisho wa wiki mji mzima ulikuwa umesikia.

Gari lilivutwa usiku wa Jumanne hiyo, na asubuhi Kipimo alipofika alikuta Mjomba amekwisha kufungua kila kitu. Alimwonyesha shafti, nyeusi kama chungu. "Bomba ulilipeleka juu, mama," alisema kwa huruma. "Nimekufundisha mara ngapi? Maji hayapandi mlima."

"Karatasi ilisema—"

"Karatasi haijawahi kushika spana."

Aliomba kuliona bomba. Mjomba akasema amekwisha kumpa muuza vyuma chakavu, alikuwa hataki hata kulitazama. Na Kipimo, ambaye hakuwahi kukata chuma bila kukipima mara mbili, hilo hakulipima hata mara moja. Aliisoma karatasi mwenyewe, alilishika bomba kwa mkono wake, na bado alimwamini Mjomba kuliko karatasi na kuliko mkono wake.

Tangu hapo watu wakileta gari waliuliza kwanza: nani atalishika, si yule dada? Mjomba alimhamishia kuosha vyuma kwa dizeli na kuziba pancha, kwa muda tu, alisema, watu wasahau. Muda ukawa miezi minane. Mikono ya Kipimo ikaanza kutetemeka kweli. Alifunga nati, akairudia, akaondoka, akageuka njiani kuirudia tena. Fundi wa kuchomea aliacha kumtania, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Alipomwambia Mjomba kwamba anaacha kazi, alitazamia angalau aambiwe subiri. Mjomba alishusha pumzi, akamshika bega. "Labda ni heri, mama. Si kila mkono umeumbwa kwa chuma."

Aliyekuja kumfaa katika shida ile, ajabu, alikuwa Bi Mkunga. Hakuomba radhi, lakini kila alipopita alimsalimia kwa upole usio wa kawaida na kumwambia Mungu akuzidishie moyo huo. Kipimo alidhani amesamehewa, akawa anashukuru.

Basi Jumatano ya wiki ile ya mwisho, asubuhi, Mjomba alikuwa amekwenda kununua vipuri. Bi Mkunga akaingia na gari, likidondosha maji chini.

"Shikamoo, Bi Mkunga."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie hili, linanuka maji ya rejeta. Nina wamama wawili wananisubiri."

"Mjomba hayupo. Na hili alisema halishiki mtu ila yeye."

"Kwani mimi nimemwita Mjomba? Fungua."

Kipimo alifungua boneti. Hakuwa ameliona tumbo la gari lile kwa miezi minane. Kosa lilikuwa dogo: klipu ya mpira kwenye tangi dogo la maji ilikuwa imelegea. Aliikaza kwa bisibisi, akapitisha kidole kufuata unyevu aone kama umetoka pengine. Kidole kikashuka kwenye bomba la chuma, kikakata kulia, kikafuata ukuta wa nyuma, kikateremka mpaka kwenye turbo. Akakirudisha juu kwa njia ileile. Aliijua njia hiyo kama mtu anavyoijua njia ya kwenda chooni kwao gizani.

Njia ilikuwa ya bomba lake. Bomba lilipanda mwanzo hadi mwisho, halikuteremka popote. Ila kona zote zilikuwa na doa la buluu, na kila kona ilikuwa na ubapa.

Alisimama pale bisibisi mkononi, na akili yake, iliyokuwa imelala miezi minane, ikaanza kupiga hesabu yenyewe. Kama kupanda ndiko kulikoua turbo ya kwanza, hii ya pili inaishije? Na kama Mjomba alijua kwamba njia ile ni mbaya, kwa nini aliinakili kona kwa kona?

"Bi Mkunga," alisema. "Bomba hili aliliweka nani?"

"Mjomba wako. Nani mwingine?"

"Na limewahi kukusumbua?"

"Hata siku moja." Bi Mkunga alimtazama kwa mshangao. "Mbona unaniuliza kama mgeni? Si mlikubaliana wenyewe?"

"Tulikubaliana nini?"

Bi Mkunga alitazama huku na huku, akasogea karibu kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Mwanangu, mimi najua. Mjomba wako alinijia siku ya pili baada ya gari kufa, machozi yanamtoka. Akaniambia Jumamosi ulipoondoka alilikuta bomba linapanda, akadhani umekosea, akaligeuza yeye. Akalipitisha juu ya injini akaliteremsha. Ndiyo ikawa vile. Nikamwambia basi nitawaambia watu kwamba nilimwonea mtoto wa watu. Akasema hapana. Akasema wewe mwenyewe umejitolea kuubeba mzigo, kwa sababu alikulea, na umemwapisha asiseme kwa mtu." Akamshika Kipimo mkono uliojaa grisi. "Mimi hata kanisani nimekutolea mfano, bila kutaja jina. Vijana wenye moyo huo hakuna siku hizi."

Kipimo alikuwa ameibeba aibu miezi minane, hilo lilikuwa moja. Lakini kumbe kulikuwa na Kipimo mwingine, mwenye moyo mkubwa, aliyekaa na Mjomba chumbani na kusema acha nikubebee. Na huyo ndiye aliyesifiwa na Bi Mkunga, na hakuwahi kuwepo. Mjomba alimtunga. Mtu aliyemfundisha kazi alikuwa amemwibia kazi yake, kisha akajizawadia msamaha wake bila kumwomba. Alitaka kucheka, na hilo lilimtisha.

"Bi Mkunga," alisema taratibu, "sikujitolea. Sikujua. Ndiyo kwanza nasikia kwako."

Mkono wa Bi Mkunga ukalegea. "Usiniambie."

"Jumamosi naacha kazi. Naenda kukata vitambaa. Naacha kwa sababu ya bomba hili."

Mjomba akatokea getini na maboksi mawili ya vipuri kwapani, akipiga mluzi. Aliliona gari, akaiona boneti iko juu, na mluzi ukakatika.

"Nani kakwambia ulifungue?"

"Limefunguliwa," Kipimo alisema. "Njoo unieleze kona hizi."

Mjomba aliweka maboksi chini polepole kuliko ilivyohitajika. Akamtazama Bi Mkunga, na Bi Mkunga akatazama pembeni. Fundi wa kuchomea alizima moto wake. Mpiga rangi akatoka na brashi yake mkononi. Mafundi ni watu wa ajabu: injini ikigonga kosa, hawasikii mpaka waitwe, lakini ugomvi wanausikia ukiwa bado kooni.

"Twende ofisini," Mjomba alisema kwa sauti ya chini. "Mambo ya familia hayazungumzwi mbele ya watu."

"Aibu nilipewa mbele ya watu."

"Kipimo."

"Nijibu hapa. Ulilikuta bomba langu linapanda?"

Mjomba alijifuta uso, akajibu kwa sauti ya chini. "Nililikuta. Nikasema mtoto kakosea, ataaibika. Nikaligeuza. Mama, nilikuwa nakufichia aibu, haki ya Mungu nilikuwa nakufichia."

"Nakuamini. Na gari lilipokufa mlimani?"

"Lilipokufa," Mjomba alisema, "nikaitafuta ile karatasi. Nikaisoma."

"Ile isiyowahi kushika spana."

"Nikaona wewe ndiye uliyekuwa sawa."

"Lini? Siku gani?"

"Usiku uleule."

Usiku uleule. Kwa hiyo asubuhi alipomwonyesha shafti nyeusi kwa huruma, alipomwambia nimekufundisha mara ngapi, alikuwa anajua. Kipimo alikuwa bado na tumaini moja dogo, kwamba labda alijua baadaye, labda baada ya mwezi, akaona aibu kurudi nyuma. Hilo nalo likaondoka.

"Ukaniacha nioshe vyuma miezi minane," alisema. "Ukaniona natetemeka mikono. Juzi nakuambia naacha kazi, unanishika bega, unaniambia si kila mkono umeumbwa kwa chuma. Mjomba! Mimi nilikuwa nakupenda kuliko baba yangu."

"Mama, nisikilize. Jina la gereji hii nimelijenga miaka arobaini. Likianguka leo, mimi sina umri wa kuliokota. Wewe bado mbichi, ungejenga jingine."

"Kwa mikono gani?"

Mjomba alishika ukingo wa boneti.

"Mimi ni kaka wa mama yako," alisema badala yake. "Sisi ni damu moja. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao."

"Hula na wa kwao, Mjomba. Wewe hukula. Umenilisha peke yangu, ukaenda kumwambia Bi Mkunga kwamba niliomba kijiko."

Mpiga rangi alicheka kidogo kwa bahati mbaya, akajifanya anakohoa. Bi Mkunga alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. "Na mimi, mwanangu?" aliuliza. "Na mimi unanihesabu?"

"Ulinitukana kwa sauti, Bi Mkunga. Ukanisifu kwa kunong'ona."

Mama wa watu akainamisha kichwa. Kisha akakiinua, akamgeukia Mjomba. "Waambie hawa watu. Ama nitawaambia mimi."

"Hapana," Kipimo alisema. "Kwa mdomo wako hawatanielewa, watasema mkunga kanihurumia. Aseme yeye, aliyewaita banda kwa banda waje wasikie injini yangu. Mjomba, waambie maneno matatu tu. Bomba nililigeuza mimi. Mengine nakusamehe."

Mjomba aliwatazama. Fundi wa kuchomea, ambaye kila asubuhi alimwamkia na kumwomba ushauri. Mpiga rangi, aliyemwita Mwalimu. Wale wawili walikuwa wamekisia karibu yote na bado walimsubiri kwa heshima, kama wanaotumaini kusikia kwamba aliyeligeuza ni mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye. Alifungua mdomo. Midomo ikacheza, shingo ikamjaa mishipa, na Kipimo akajikuta anamwombea kimoyomoyo, aweze, Mungu wangu, aweze, kama mtu anayeombea gari bovu lipande mlima. Akaufunga.

Alimsogelea mpwa wake, karibu sana, macho yamejaa maji, akasema kwa sauti ambayo hakuna mwingine angeisikia.

"Nitawaambia, mama. Nitawaambia yote, hata lile la kuapa. Nakuahidi. Ila Jumamosi ipite kwanza. Ukishaondoka nitaweza. Ukiwa hapa unanitazama, siwezi."

Kipimo alimtazama machoni. Mikono yake ilikuwa haitetemeki tena.

"Basi siondoki, Mjomba," alisema. "Kesho saa mbili nipo hapa. Na keshokutwa nipo. Nitakuwa nakutazama hivihivi, kila siku, mpaka uweze."